Vitabu vya Ohio ya zamani, na pale nilipopotea

Habari zenu ndugu zangu. Andiko hili ni refu kidogo, naomba mnivumilie. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoishi huku Ohio, Kentucky na Indiana, na kwa yeyote anayetaka kuanza kusoma historia za Marekani ya mwanzo, zile za miaka ya 1760 mpaka 1813 hivi, wakati wazungu wanavuka milima ya Appalachia kwenda magharibi na wenyeji wanawazuia. Nimezisoma kwa miaka minne sasa. Mwaka wa kwanza wote niliupoteza, na sio kwamba vitabu vilikuwa vibaya, ni mimi nilivisoma vibaya, na nisingependa mwingine apite njia ileile.

Mimi ni dereva wa lori, kwetu Tukuyu, huku nakaa Columbus. Kila wiki napita kwenye vibao vya Wapakoneta, Piqua, Kenton, Defiance, Fort Recovery, na kwa muda mrefu kwangu yalikuwa majina ya sehemu za kushusha mzigo basi. Sasa siku moja niko Fort Recovery nimeambiwa nisubiri, nikaenda kunyoosha miguu, nikakuta mnara mrefu wa mawe kwenye kamji kale kadogo. Kumbe pale tarehe 4 Novemba 1791 jeshi la Marekani chini ya Jenerali Arthur St. Clair lilivamiwa alfajiri na muungano wa makabila, viongozi wakiwa Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee, na askari zaidi ya 600 wakafa asubuhi moja. Zaidi ya 600! Custer ambaye dunia nzima inamjua, yule kamanda wa Marekani aliyeuawa na wenyeji 1876, watu wake waliokufa hawafiki hata nusu ya hao. Nikajiuliza, mimi napita hapa miaka yote hii sijawahi hata kusikia, kwanini?

Usiku ule nikaingia kwenye apu ya vitabu vya kusikiliza, nikalipia dola 15 za mwezi, nikachagua kitabu kinene cha kipindi hicho nikaanza kusikiliza barabarani. Jamani nilinogewa. Hizi historia za kusimulia hazifanani na zile tulizosoma sekondari za sababu tano na matokeo matano, hizi zinakwenda kama filamu, unamwona mtu anapumua. Kuna kijana Simon Kenton, alizaliwa Virginia 1755, akiwa na miaka 16 akapigana na mwenzie kwa ajili ya msichana, akadhani amemuua, akakimbilia porini na kubadili jina akajiita Simon Butler, na miaka mingi baadaye akaja kujua kwamba yule mtu yuko hai. Mwaka 1778 Washawnee wakamkamata akiiba farasi, wakampitisha katikati ya mistari miwili ya watu wenye fimbo na marungu, unakimbia huku unapigwa pande zote mpaka ufike mwisho, simulizi zinasema alipitishwa hivyo mara 9 kwenye vijiji mbalimbali. Nilikuwa nafika godauni sitaki kuzima injini.

Ila kusikiliza unaendesha kuna hasara zake na hasara ya kwanza niliilipa kwa mafuta. Kwenye kitabu kuna sehemu Daniel Boone, mwindaji mzungu aliyekuwa kati ya wa mwanzo kuhamia Kentucky, anakamatwa, Februari 1778, yeye na wenzake wakiwa Blue Licks huko Kentucky wanachemsha maji ya chumvi. Chifu Blackfish wa Washawnee anampeleka Chillicothe, anamfanya mwanae wa kupanga, anapewa jina Sheltowee, yaani kobe mkubwa, anakaa nao miezi kadhaa, alafu Juni anatoroka anatembea karibu kilomita 260 kwa siku 4 kwenda kuwaonya watu wa Boonesborough, ngome yao huko Kentucky. Mimi nikasema Chillicothe si hapa tu kusini mwa Columbus? Jumamosi nikawapakia watoto na mama yao kwenye gari tukaenda, saa nzima, tukazunguka mtoni na mjini natafuta alama yoyote ya Boone na Blackfish. Hakuna kitu. Mama mmoja wa pale makumbusho akanielewesha kwa upole kabisa kwamba mji huu ulianzishwa na wazungu 1796, na ulikuja kuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo 1803. Chillicothe ya Boone ilikuwa sehemu nyingine kabisa, Oldtown, kaskazini kidogo ya Xenia, upande wa kusini magharibi ya jimbo.

Sababu yake ni nzuri kuijua maana itawasumbua kwenye kila kitabu. Chillicothe ni jina la moja ya sehemu tano za Washawnee, kama ukoo hivi, na wale watu walipohama, jina lilihama nao, kwahiyo vijiji vilivyoitwa hivyo vilikuwa vingi kwa nyakati tofauti. Ukiwa umetoka kwetu huwezi kushangaa, ni vijiji vingapi vinaitwa kwa jina la ukoo na vimehama mara tatu? Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kama mtalii. Tangu hapo sifungui kitabu cha kipindi hicho bila ramani ya wakati huo pembeni, na ramani ya kwenye simu haisaidii, inakupeleka kwenye mji wa leo. Vitabu vingi vya karatasi huwa na ramani kurasa za mwanzo, kwenye sauti haipo. Xenia nilikuja kwenda baadaye peke yangu. Pale Oldtown tangu 2024 kuna kituo kizuri walichojenga kwa kushirikiana na makabila matatu ya Washawnee ambayo leo makao yao yako Oklahoma, kama uko Ohio nenda.

Kosa la pili liliniuma zaidi kwa sababu lilimgusa mtoto.

Binti yangu alikuwa darasa la 4, na huku Ohio darasa la 4 ndo wanasoma historia ya jimbo. Akaambiwa aandae maelezo ya mtu mmoja wa zamani ayasome mbele ya wenzie. Akaja kwangu, baba wewe si unasoma hivyo vitabu. Nikajaa furaha, nikamwambia mchukue Blue Jacket, huyu chifu wa Washawnee aliyempiga St. Clair, na unajua alikuwa mzungu? Nikamsimulia yote kama nilivyosikia: kijana wa Virginia anaitwa Marmaduke van Swearingen, alitekwa akiwa amevaa koti la bluu, ndo maana ya Blue Jacket, akalelewa na Washawnee mpaka akawa jemadari wao. Nilimsimulia na maneno aliyoyasema siku anatekwa, na jinsi alivyomwangalia mdogo wake mara ya mwisho. Mtoto akaandika vizuri, akachora na koti lenyewe kwa penseli ya bluu.

Akarudi jioni amenyamaza. Mwalimu alimwambia mbele ya darasa kwamba hiyo habari sio kweli, ilishakataliwa. Sikuamini, nikakaa usiku mzima natafuta. Na ni kweli. Hiyo hadithi ilichapishwa mara ya kwanza 1877, zaidi ya miaka 60 baada ya Blue Jacket kufa, ikarudiwa kwenye vitabu, na pale Xenia watu walicheza tamthilia yake nje, majira ya kiangazi miaka na miaka mpaka 2007. Lakini mchungaji mmoja aliyepita Ohio 1773 aliandika kwenye shajara yake kwamba alifika kijiji cha Blue Jacket, maana yake tayari alikuwa chifu mwenye kijiji chake wakati huyo Marmaduke anasemekana ametekwa juzi juzi tu, mwaka 1771. Na mwaka 2006 wataalamu wakatoa matokeo ya vipimo vya DNA walivyofanya kwa wazao wa pande zote mbili, hawaendani kabisa. Blue Jacket alikuwa Mshawnee. Mtu mwenye akili ya vita kubwa kuliko majenerali aliopigana nao, watu wakaona lazima awe mzungu. Hilo lilinikera mpaka leo linanikera, maana sisi tunalijua vizuri, kila kitu kikubwa Afrika kilishawahi kupewa baba wa kutoka nje.

Nilimwomba binti yangu msamaha. Alafu nikaenda maktaba nikaazima kile kitabu cha karatasi, kilekile nilichokisikiliza. Kadi ya maktaba ni bure, na kitabu wasichokuwa nacho wanakuagizia kutoka maktaba nyingine, lakini mimi nilikuwa nalipa dola 15 kila mwezi na nilishaagiza seti ya vitabu 5 vya mitumba kwa dola 140, viwili mpaka leo sijavifungua. Nikafungua kurasa za mwisho. Pale nyuma kuna maelezo ya mwandishi, sura kwa sura, ametoa wapi hili na lile, na kule mwanzo kwenye utangulizi anasema wazi kabisa kwamba mazungumzo mengi ameyatunga yeye kutokana na alichokisoma. Amesema mwenyewe. Kwenye sauti nilikuwa nimeruka utangulizi, na yale maelezo ya nyuma hayakusomwa kabisa.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, sikiliza ukipenda, mimi bado nasikiliza, lakini uwe na nakala ya karatasi nyumbani, na kabla ya sura ya kwanza soma utangulizi alafu nenda nyuma. Kila ukikuta mtu anaongea kwenye alama za kunukuu, jiulize nani alikuwepo akaandika? Watu wawili porini usiku, mmoja akafa kesho yake, maneno yao yametufikiaje? Mengi yametoka kwa wazee waliohojiwa miaka mingi baadaye. Alikuwepo bwana mmoja Lyman Draper aliyezunguka kuhoji wazee na watoto wao, mwaka 1851 alimhoji Nathan mtoto wa mwisho wa Boone, na makaratasi aliyokusanya ni karibu juzuu 500, yapo Wisconsin, waandishi wote wa kipindi hiki wanachota mle. Mimi siyadharau masimulizi ya wazee, historia yetu Wanyakyusa nayo imekaa kwenye midomo ya wazee. Ila babu akikusimulia vita ya miaka 50 nyuma, unajua kabisa alipo na uhakika na alipojazia, unamjua sauti yake. Mwandishi akishayageuza kuwa maandishi yote yanakuwa na uzito mmoja.

Kingine, tarehe. Hivi vitabu vinarukaruka, sura hii Kentucky, inayofuata Detroit, ukiwa unapanga gia umeshapitwa na jambo zito. Mimi nilisikia Septemba 1778 Washawnee wanaizingira Boonesborough nikajua ni uvamizi tu, hawa watu wanapenda vita. Niliporudia kwa karatasi nikiwa na daftari nikaona kilichonipita: mwaka 1777 chifu wao Cornstalk, aliyekuwa anatafuta amani, alikwenda kwenye ngome ya Wamarekani, Fort Randolph, wakamzuia, alafu Novemba askari wa mgambo wakamuua humohumo ndani pamoja na mwanae. Miezi mitatu baadaye Blackfish yuko njiani kulipiza na ndo anakutana na Boone kwenye chumvi. Imeelezwa kwa kurasa chache tu, zikanipita nikiwa kwenye mzani. Sasa nina daftari la mistari, upande wa kushoto kilichotokea kusini ya mto Ohio, kulia kaskazini, kila tukio na tarehe yake. Lina kurasa 60 na ndo kitu cha thamani kuliko vitabu vyenyewe.

Na mikataba msiiruke, najua inachosha. Mwaka 1768 pale Fort Stanwix, Wairokwa, muungano mwingine wa makabila, waliuza kwa Waingereza ardhi yote ya kusini ya mto Ohio, ndo Kentucky hiyo, wakati waliokuwa wanawinda kule ni Washawnee na wengine ambao hawakusaini. Mtu wa Dar es Salaam ataielewa hii haraka kuliko profesa, ni kiwanja kimeuzwa na asiye mwenyewe, mnunuzi ana karatasi, mwenye shamba ana jembe. Vita vya miaka 27 iliyofuata vingi vinaota pale, mpaka mkataba wa Greenville 1795. Na cha ajabu hata akina Boone na Kenton karatasi ziliwageuka, ardhi walizozipima wenyewe walikuja kunyang'anywa mahakamani kwa sababu hati zilikuwa na kasoro, Boone akaishia Missouri.

Tafuteni na weusi. Wamo, ila wamewekwa kwenye sentensi mojamoja. Kwenye mzingiro wa Boonesborough mkalimani wa Blackfish alikuwa mtu mweusi anaitwa Pompey aliyekuwa anaishi na Washawnee. Na kuna Monk Estill, mtumwa, alitekwa 1782, akawadanganya waliomteka kuhusu nguvu ya ngome alikotoka wakaacha kuishambulia, na alikuwa anajua kutengeneza baruti ya watu wa Boonesborough, baadaye akapewa uhuru wake. Mimi nimewawekea ukurasa wao kwenye daftari.

Sasa niseme hili la mwisho ambalo sikulitegemea kabisa.

Ilikuwa Machi, niko barabara ya 77 natokea Cleveland na mzigo, nasikiliza kitabu kingine. Msomaji akaanza habari za kijiji cha Gnadenhutten, kwamba wakazi wake walikuwa Wadelaware, kabila jingine la wenyeji, ila Wakristo, wabatizwa wa wamisionari wa Moravian. Nikaongeza sauti. Ndugu zangu, mimi ni Mmoravian. Nimebatizwa Moravian, nimeimba kwaya ya watoto Moravian, pale Rungwe wamisionari wa Moravian walifika 1891 na mpaka leo yule Mwanakondoo mwenye bendera yuko kwenye ukuta wa kanisa letu. Sikuwahi kujua kwamba zaidi ya miaka 100 kabla hawajafika kwetu kanisa hilohilo lilikuwa Ohio.

Wale watu hawakushika silaha upande wowote kwenye vita ya uhuru ya Wamarekani na Waingereza. Mwaka 1781 makabila yaliyokuwa upande wa Waingereza yaliwahamisha kwa nguvu kwenda kaskazini, baridi ikawakuta na njaa, wakarudi kuvuna mahindi waliyoyaacha shambani. Mgambo wa Pennsylvania chini ya David Williamson wakawakuta wanavuna. Wakawadanganya kwamba wanawapeleka mahali salama, wakawafunga, wakapiga kura wawaue, wachache tu ndo walikataa. Wale wafungwa wakaomba muda wa kusali, wakaimba nyimbo na kuomba usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 8 Machi 1782 wakauawa kwenye nyumba mbili, wanaume moja, wanawake na watoto nyingine, wakipigwa kwa nyundo ya mbao ya fundi mapipa. Watu 96. Wanaume 28, wanawake 29, watoto 39. Wavulana wawili walipona.

Nilitoka kwenye barabara nikasimama kituo cha malori nikalia. Nilichelewesha mzigo saa moja na nusu, nikakatwa pesa, wala sijutii.

Na hapa nawaambia wale mtakaosoma, angalieni kitabu kinatoa kurasa ngapi kwa nani. Kitabu kile Gnadenhutten kiliipitia haraka, alafu miezi mitatu baadaye, Juni, Wadelaware wakamchoma moto Kanali William Crawford kulipiza, ambaye wala hakuwepo Gnadenhutten, na hiyo ikaelezwa dakika kwa dakika, sikuweza kumaliza. Vifo vyote viwili ni vibaya. Ila ukisoma kimoja kwa kirefu na kingine kwa kifupi, moyo wako utaegemea bila wewe kujua. Vitu hivi vinachosha roho, msisikilize usiku peke yenu, mimi niliota ndoto mbaya wiki nzima na mke wangu ndo alinizuia nikapumzika mwezi.

Nilikwenda Gnadenhutten wiki iliyofuata. Kuna nyumba za magogo zilizojengwa upya, na kilima kidogo cha nyasi ilikozikwa mifupa yao, na mnara wa jiwe uliowekwa 1872. Jiwe linasema 90, vitabu vinasema 96. Nilisimama pale nikajaribu kuimba kidogo kwa Kinyakyusa, sikufika mbali.

Jioni nikampigia mama Tukuyu. Nikaanza kumwambia Wahindi waliouawa, akaniuliza Wahindi gani, wa maduka? Ndo nikaacha kutumia hilo neno, ukiwataja kwa kabila lao mtu anaelewa haraka, Washawnee, Wadelaware, wenyewe wanajiita Walenape. Nikamweleza upya toka mwanzo, Wamoravian wenzetu, mahindi, nyimbo za usiku. Mama ni mzee wa kanisa, alikuwa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Alafu akaniuliza, walikuwa wanaitwa nani? Nikamwambia majina yao ya ubatizo wamisionari waliyaandika, mengine ninayo kwenye daftari. Isaka Glikhikan, alikuwa jemadari wa vita kabla hajabatizwa. Mkewe Anna. Abrahamu, mzee. Kristina.

Akasema subiri mwanangu nichukue kalamu. Nikasikia anavuta droo ya kabati, anatafuta, alafu akarudi. Haya, anza tena, polepole.